Tumbo la hedhi na siku zinazolitangulia: jinsi ya kuyawahi maumivu

Nilivunja ungo nikiwa darasa la saba. Miezi ya mwanzo damu ilikuja na kuondoka bila shida, nikawaona wanaolalamika kuwa wanadeka. Nilipofika kidato cha pili, siku ya kwanza ya kila hedhi ilinikuta nimejikunja kwenye sakafu ya bweni, shavu kwenye simenti, natapika mpaka nyongo. Matroni alinipa Panadol mbili nikiwa nimeshaanza kutapika, zikatoka kama zilivyoingia. Bibi alisema ni chango, likizo ikifika ananichemshia mizizi. Kwenye zahanati niliandikiwa antibayotiki za UTI, mwezi uliofuata nikaandikiwa tena, na wa tatu vilevile. Wote hao walinihurumia kweli. Lakini hakuna aliyeniuliza: yanaanza lini, na yanaisha lini?

Nilikuja kuulizwa nikiwa na miaka 22, na muuguzi mtu mzima wa kliniki ya uzazi wa mpango. Majibu yangu yalimtosha kunieleza nitumie dawa gani na saa ngapi, na mwezi uliofuata nilikwenda kazini siku ya kwanza. Mdogo wangu nilipomuuliza maswali yale yale, majibu yake yalikuwa tofauti kabisa, na ndivyo tulivyojua kwamba yeye anahitaji daktari bingwa. Kwa hiyo mwongozo huu wote nimeujenga juu ya tarehe na saa.

Kinachotokea tumboni

Kila mwezi ukuta wa ndani wa mji wa mimba hujijenga kwa ajili ya kupokea mimba. Mimba isipotunga, homoni iitwayo projesteroni hushuka na ukuta ule hubomoka. Unapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huifanya misuli ya mji wa mimba ijikaze ili isukume damu nje. Ikijikaza kupita kiasi, mishipa inayoilisha misuli hiyo nayo hubanwa, na msuli uliokosa damu huuma. Wanawake wenye maumivu makali mara nyingi hukutwa na prostaglandini nyingi kuliko wengine. Kemikali hizo hizo ndizo zinazovuruga utumbo, ndiyo maana wengine huharisha, hutapika au huumwa kichwa siku hiyo hiyo. Binti anayelia siku ya kwanza si mwoga. Kuna kitu mwilini mwake kinachoweza kupimwa, na kwake ni kingi.

Maumivu ya namna hii yana ratiba yake. Kwa kawaida hayaji na hedhi ya kwanza kabisa, kwa sababu mwanzoni yai halipevuki kila mwezi. Huanza miezi 6, mwaka au zaidi kidogo baada ya kuvunja ungo. Kila mwezi hufika saa chache kabla ya damu au pamoja nayo, huwa makali siku ya kwanza na ya pili, kisha hupoa ndani ya siku 3. Hukaa chini ya kitovu, na kwa wengi hushuka mapajani au huzunguka mpaka kiunoni.

Dalili za kabla ya hedhi ni jambo jingine na ratiba yake ni nyingine. Huja baada ya yai kupevuka, yaani katika wiki moja au mbili za mwisho kabla ya damu: matiti kujaa na kuuma, tumbo kuvimba gesi, hamu ya vitu vitamu, usingizi kukatika, hasira za karibu, machozi yasiyo na sababu. Damu ikianza, au siku chache baada ya hapo, huondoka. Majumbani mwetu dalili hizi hazihesabiwi kuwa dalili. Mwanamke huambiwa ana gubu, na akisikia hivyo miaka kumi huanza kuamini.

Hatua ya 1: Daftari, mizunguko miwili

Chukua daftari dogo lolote. Siku damu inapoanza kutoka vizuri, si doa tu, iandike kuwa siku ya 1. Endelea kuhesabu mpaka hedhi inayofuata, ambapo unaanza tena 1.

Kila jioni andika mistari michache. Maumivu yalikuwa kiasi gani, kuanzia 0 ya kutouma mpaka 10 ya kushindwa kusimama? Yalianza saa ngapi, na yalikuwa wapi? Umebadilisha pedi au kitambaa mara ngapi, na je, kulikuwa na mabonge? Umekunywa dawa gani, ngapi, saa ngapi, na ilichukua muda gani kukupa nafuu? Umekosa shule, shamba au kazi? Kwa upande wa moyo, ongeza neno moja au mawili: hasira, huzuni, wasiwasi, sawa.

Andika hata siku njema, na hapa ndipo wengi huchoka wakaacha. Siku njema ndizo zinazotoa jibu. Kama huzuni inakuja siku ya 20 na kuondoka damu ikianza, hiyo ni hali ya kabla ya hedhi. Kama huzuni ipo mwezi mzima na inazidi tu hedhi ikikaribia, huenda ni sonona, na tiba yake hupangwa kwa namna nyingine. Bila siku njema kuandikwa, hali hizo mbili haziwezi kutenganishwa, hata na daktari.

Kama daftari linaweza kusomwa na kaka au wapangaji wenzako, tumia alama: nukta kwa damu, msalaba kwa maumivu, mviringo kwa machozi. Simu pia inafaa, ikiwa ni yako peke yako.

Hatua ya 2: Jihakikishie kwamba ni hedhi

Kabla ya kunywa dawa yoyote jiulize kama unaweza kuwa na mimba. Hedhi iliyochelewa, kisha maumivu makali, hasa ya upande mmoja, na damu kidogo isiyo ya kawaida yako, inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Ukihisi kizunguzungu, kuzimia au maumivu yanayopanda begani, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali muda huo huo, kwa pikipiki au bajaji yoyote iliyo karibu, na usiende peke yako.

Maumivu ya chini ya tumbo yenye homa na uchafu wenye harufu mbaya ukeni nayo ni ya kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huenda ni maambukizi ya njia ya uzazi.

Hatua ya 3: Dawa, kwa saa zake

Dawa za kundi la ibuprofeni, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Brufen, huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Zile ambazo zimeshatengenezwa na kumwagika haiziondoi. Ndiyo sababu mtu anayeinywa ameshaanza kujikunja husema dawa haifanyi kazi, na akiinywa mapema hushangaa. Miaka yote ile bwenini nilikuwa nakunywa dawa kwa kuchelewa, tena dhaifu kuliko iliyonifaa, na hakuna aliyekuwa na kosa ila kutojua.

Kwa mtu mzima, na kwa binti aliyevuka miaka 12, kiwango cha kujinunulia ni mg 200 mpaka 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, jumla isizidi mg 1200 kwa siku. Angalia karatasi ya vidonge, kwa sababu kuna vya 200 na vya 400, na ukivichanganya unaweza kuzidisha maradufu. Kula kwanza, hata kama ni uji na ndizi. Anza dalili ya kwanza inapojitokeza, kile kiuno kuwa kizito au tumbo kuvuta. Kama daftari limekuonyesha kwamba mzunguko wako hauyumbi, anza siku moja kabla. Kisha fuata saa, usisubiri maumivu yarudi ndipo unywe tena. Siku 2 au 3 zinatosha, halafu acha.

Usiinywe kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, una mimba, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una pumu iliyowahi kuchochewa na dawa za aina hii. Jambo jingine tulilofundishwa na milipuko ya Dar es Salaam ya 2014 na 2019: ukiwa na homa na dengi inasemwa mtaani, achana na ibuprofeni, diklofenaki na aspirini mpaka upimwe, kwa kuwa dengi inaweza kuleta kutokwa damu na dawa hizi huongeza hatari hiyo.

Asiyeweza kutumia ibuprofeni atumie parasetamoli. Kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya mg 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Nguvu yake kwa tumbo la hedhi ni ndogo kidogo, lakini haisumbui tumbo. Ibuprofeni ikikupunguzia nusu tu, parasetamoli inaweza kuongezwa juu yake, maana ni makundi tofauti. Usiunganishe ibuprofeni na diklofenaki. Hizo ni ndugu, na kuzinywa pamoja huongeza madhara bila kuongeza nafuu. Bado kuna wauza dawa wanaokufungia zote mbili kwenye bahasha moja. Aspirini isitolewe kwa aliye chini ya miaka 16. Tramadoli usiikubali, hata ukiambiwa ndiyo kiboko ya maumivu, kwa sababu ni dawa ya kuleta uraibu.

Wazazi wengi huogopa kwamba dawa za maumivu zitamzoea binti au zitaharibu kizazi. Ibuprofeni ya siku 2 au 3 kwa mwezi, kwa kiwango hicho, haileti uraibu wala haimfanyi mtu kuwa mgumba. Mama, ukiwa na hofu hiyo, ielekeze kwenye kumpeleka binti kupimwa, usimnyime kidonge.

Kwa aliye shule ya bweni, ongea na matroni siku ambayo huumwi. Mweleze kwamba unahitaji dawa mapema na pamoja na chakula, mwachie vidonge vyako na karatasi yenye tarehe unazotarajia. Wengi husikiliza wakiombwa kabla. Na kwa tunaofunga Ramadhani: damu ikianza hakuna saumu siku hiyo, kwa hiyo kula na unywe dawa bila kujificha wala kuona haya. Kama unaanza siku moja kabla, nywea wakati wa daku, ukiwa umeshiba.

Hatua ya 4: Joto, mwendo na tangawizi

Joto si la kumfariji mgonjwa tu. Limepimwa kwenye tafiti, na kwa baadhi ya wanawake hutuliza kwa kiwango kinachokaribia cha ibuprofeni. Bibi zetu wanaomkanda mzazi kwa maji ya moto walilijua hili zamani. Mfuko wa mpira wa maji ya moto ndio bora. Usipokuwa nao, chupa ya soda inafaa, ila usiitie maji yanayochemka, itanywea na kukuunguza. Tia maji ambayo mkono unaweza kuyavumilia, ifunge kwa khanga, iweke chini ya kitovu dakika 20, pumzika, rudia. Chumvi ya mawe iliyokaangwa kavu na kufungwa kwenye kitambaa kizito hukaa na joto muda mrefu zaidi, bora uijaribu kwanza kwenye mkono.

Kutembea kwa haraka nusu saa, mara kadhaa kwa wiki, hupunguza maumivu mwezi hadi mwezi. Siku ya kwanza yenyewe hakuna haja ya kujilazimisha. Tangawizi nayo imejaribiwa: nusu kijiko cha chai cha unga wake, mara mbili kwa siku, siku 3 za mwanzo. Wengine hupata nafuu, wengine la.

Mambo ya kuacha ni yale ya kuingiza vitu ukeni. Vile vifurushi vya mitishamba vya "kusafisha kizazi", mivuke, na sabuni za kuosha ndani huua walinzi wa asili wa uke, huunguza na huleta maambukizi. Mji wa mimba unajisafisha wenyewe, na hiyo damu ndiyo kazi yake. Mizizi ya kuchemsha ambayo haijulikani kipimo chake siwezi kukushauri, ingawa najua bibi anaitoa kwa mapenzi. Ndimu, maji baridi na kuoga havikati damu wala haviigandishi. Kula na oga upendavyo.

Hatua ya 5: Wiki ya kabla

Ukishajua siku zako ngumu, zipange. Mdogo wangu ameziwekea alama kwenye kalenda ya ukutani na mumewe anajua maana yake. Maneno mazito ya fedha na ndugu wanayahamishia wiki nyingine. Punguza chumvi, maana hushikilia maji mwilini na kuongeza kuvimba. Punguza kahawa na chai ya rangi ya jioni kama usingizi unakatika, na pombe iache. Kula kidogo kidogo mara nyingi, badala ya kushinda njaa na kufakamia mandazi usiku.

Kalsiamu imeonyesha kusaidia, kwa kiwango cha kama mg 1000 hadi 1200 kwa siku ikijumlishwa na ya chakula. Dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa na mtindi vinakupa sehemu kubwa. Vitamini B6 inauzwa sana kwa kazi hii. Usiinywe kwa viwango vikubwa kwa miezi, kwa sababu ikizidi huharibu neva na kuleta ganzi ya mikono na miguu.

Kuna wachache, kiasi cha 3 hadi 8 kati ya wanawake 100, ambao wiki hiyo huwavunja kabisa: kukata tamaa, hasira inayowatisha wenyewe, kushindwa kufanya kazi, kisha damu ikianza wanarudi kuwa watu wale wale. Hali hii ina jina la kitabibu, PMDD, na Shirika la Afya Duniani linaitambua kuwa ugonjwa. Si majini wala malezi mabaya. Dawa kama fluoksetini na sertralini huitibu, na kwa hali hii huanza kufanya kazi haraka, hata wengine huandikiwa kuzinywa wiki mbili za mwisho za mzunguko tu. Maongezi na mshauri wa saikolojia nayo husaidia. Ukipata mawazo ya kujiua, hata kama unajua yataondoka keshokutwa, mwambie mtu leo na mwende hospitali pamoja.

Hatua ya 6: Njia za uzazi wa mpango kama tiba

Kwa aliyejaribu ibuprofeni sawasawa miezi 3 bila nafuu ya kutosha, hatua inayofuata mara nyingi ni homoni. Vidonge vya majira huufanya ukuta wa mji wa mimba uwe mwembamba, prostaglandini zinapungua, na damu inapungua. Sindano, kijiti na kitanzi cha homoni hufanya kazi inayofanana, na baadhi ya watu damu hukoma kabisa bila madhara. Kitanzi cha shaba ni kinyume chake: kinaweza kuongeza damu na maumivu, hasa miezi ya mwanzo.

Vidonge vyenye homoni mbili havimfai mwenye presha ya juu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mimuliko au ganzi, aliyejifungua chini ya wiki 6 na ananyonyesha, wala mvutaji sigara aliyevuka miaka 35. Pima presha kwanza.

Najua ilivyo ngumu kwa binti asiyeolewa. Mama anasikia "majira" anafikiria wavulana. Nimeshakaa na mama wa aina hiyo barazani, na kilichomgeuza ni daftari la mwanawe: siku 3 za masomo zimepotea kila mwezi, mwaka mzima. Aliyahesabu mwenyewe kwa kidole. Uzazi wa binti hurudi baada ya kuacha vidonge. Masomo aliyoyakosa akiwa kitandani hayarudi kirahisi hivyo.

Wapo wanaosema "ukizaa litapona". Kwa wengine hupungua kweli baada ya kuzaa, kwa wengine la. Hakuna anayepaswa kushika mimba ili atibiwe tumbo.

Hatua ya 7: Wakati wa kwenda kwa daktari, na la kusema

Majibu ya mdogo wangu yalikuwa haya: maumivu yalianza siku 4 kabla ya damu, yakaendelea baada yake, yalizidi mwaka hadi mwaka, yalimkata wakati wa haja kubwa na wakati wa tendo la ndoa. Ratiba hiyo si ya tumbo la kawaida la hedhi. Alikuwa na endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na ukuta wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 190 wanaishi nayo, karibu mmoja kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Ultrasaundi yake ya kwanza ilisoma "kawaida", na hilo hutokea sana, kwa hiyo ultrasaundi safi isifunge mjadala.

Nenda pia kama maumivu yameanza upya baada ya miaka 25 au yamebadilika tabia, kama unatoka damu kati ya hedhi na hedhi, au kama damu ni nyingi: pedi inalowa ndani ya saa moja kwa saa kadhaa mfululizo, mabonge makubwa kuliko sarafu, au zaidi ya siku 8. Huenda ni uvimbe wa fibroidi, unaotupata sana sisi wanawake weusi. Omba upimwe wingi wa damu. Ukipewa vidonge vya chuma vinywe na juisi ya chungwa, na chai isogeze angalau saa moja mbali na mlo, kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini.

Binti wa miaka 14 mpaka 16 anayeumwa tumbo kila mwezi lakini hajawahi kuona damu apelekwe bila kuchelewa. Wakati mwingine ngozi ya bikira imeziba kabisa na damu inajikusanya ndani. Hutibiwa kwa upasuaji mdogo. Vivyo hivyo aliyekeketwa na kushonwa, ambaye damu yake haipati njia ya kutosha.

Ukiingia chumbani kwa daktari, lifungue daftari kabla hujaketi vizuri, useme: "Maumivu yangu huanza siku hii na kuisha siku hii. Nimekosa shule au kazi siku kadhaa kwa mwezi. Nimetumia ibuprofeni, kiwango hiki, kwa saa hizi, miezi mitatu, haijanitosha." Kisha nyamaza umsubiri. Na akikuandikia dawa za UTI, mwombe kwa heshima mpime mkojo kwanza, ukae uyaone majibu.